Saikloni ya vumbi la mbao: maswali ya wasomaji

Barua za safari hii karibu zote ni za vumbi la mbao na saikloni, yaani chombo cha bati kinachotenga vumbi na hewa kwa kuizungusha, na nyingi zimetoka Nyanda za Juu Kusini, ambako mbao ya paina haiko mbali na karakana mara nyingi ni chumba cha uani kinachopakana na jiko. Zilizofanana tumeziunganisha.

Karakana yangu ni ya mita 4 kwa 6, nyuma ya nyumba, huku Uyole, Mbeya. Nina msumeno wa meza, mashine ya randa na sanda (mashine ya kupigia msasa). Fundi bati wa Mwanjelwa anasema ataninakilia saikloni kama zile za mashine za kusaga. Nimwachie, au nimpe vipimo?

Mpe vipimo, tena kwa maandishi. Kanuni ni ileile ya kinuni: hewa inaingia ubavuni, inazunguka, kilicho kizito kinatupwa ukutani na kuteremka kwenye koni, kisha hewa iliyobaki inapanda kupitia bomba la katikati. Tofauti iko mahali feni ilipo. Kinuni feni inasukuma, kwa hiyo bati likivuja unga unatoka nje na kila mtu anauona. Karakanani feni inakaa baada ya saikloni na inavuta, ili vipande vya mbao na misumari ya mbao kuukuu visifike kwenye pangaboi (gurudumu la feni lenye mapanga). Hapo tundu halitoi kitu, linaingiza hewa. Pabaya kuliko pote pa kuvujia ni kwenye pipa la chini, kwa sababu hewa inayoingia pale inapanda kupitia mdomo wa koni na kurudisha juu vumbi lililokwisha kutua. Nje huoni dosari yoyote. Unachoona ni mfuko wa chujio unajaa na pipa linabaki karibu tupu. Fundi aliyezoea vinu hahangaiki na sehemu hiyo, maana kule chini panafungwa gunia tu.

Kwa mashine zako kipenyo cha mwili cha milimita 400 kinatosha, na vipimo vingine vyote vinatokana na hicho:

- Mwili wa duara: kimo mm 800. Bati lake ni mm 1,257 kwa 800, ongeza mm 25 za pindo.
- Koni: kimo mm 800, juu mm 400, chini mm 150.
- Mdomo wa kuingizia hewa: kimo mm 200, upana mm 100, ukuta wake wa nje uwe mstari mmoja na ukuta wa mwili.
- Bomba la katikati: kipenyo mm 200, lishuke ndani mm 250 kutoka kwenye kifuniko.

Vitabu vinataka mdomo wa chini wa koni hiyo uwe mm 100. Sisi tumeupanua kwa makusudi, kwa sababu maranda marefu ya randa yanaziba mm 100 siku ya kwanza.

Koni ndiyo inayowapotezea mafundi bati. Achore kwa kamba na msumari: upinde wa nusu kipenyo mm 1,296, na mwingine kwa kituo kilekile wa mm 486. Akate kipande ambacho ncha mbili za upinde mkubwa ziko mbali mm 1,208 kwa mstari ulionyooka, halafu aongeze pindo la mm 25 upande mmoja. Akikunja atapata koni yako bila kubahatisha. Mashiti mawili ya bati bapa la futi 4 kwa 8, geji 24, yanatosha kazi yote na masalio yanabaki. Bati la kuezekea la geji 30 litapungapunga na kulia kama debe, na kwenye kona ya mdomo linapasuka.

Mkague kazi kabla hujamlipa. Ingiza mkono kupitia mdomo wa hewa: ukingo wa chini wa bomba la katikati lazima uwe chini kuliko ukingo wa chini wa mdomo. Hapo ndipo mafundi wengi hubana bati, wanakata bomba fupi kwa kuwa halionekani. Likiwa fupi, vumbi linakatiza moja kwa moja kutoka kwenye mdomo wa hewa hadi kwenye feni bila kuzunguka. Pitisha kidole kwenye maungio ya ndani pia. Pindo lilale kufuata mzunguko wa hewa, lisiukabili, na vichwa vya ribiti viwe ndani, mikia nje. Kila kinachochomoza kinashika nyuzi za maranda, na nyuzi zinashika nyingine.

Maungio yote yapigwe lehemu au silikoni. Kati ya koni na pipa weka kipande cha mpira chenye vibano viwili. Kwenye kifuniko cha pipa, tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa kwa urefu na kugundishwa ukingoni inaziba vizuri kuliko sponji. Pipa la chuma la lita 200 ndilo bora. Usilitandike mfuko wa nailoni ndani: feni ikiwaka mfuko unavutwa juu na kuziba mdomo wa koni.

Pima dari kabla ya yote. Saikloni hii ina mita 1.6, pipa la lita 200 lina karibu sentimita 90, na blowa (feni pamoja na ganda lake) inakaa juu yake. Dari ikikubana, punguza mwili wa duara hadi mm 600 au tumia pipa fupi. Koni usiiguse.

Nilifuata mchoro kutoka Marekani: pangaboi la inchi 14, mota ya hp 2, bomba la inchi 4. Kila kitu nimekifuata lakini uvutaji ni hafifu. Niko Kihesa, Iringa. Tatizo ni mota?

Mota yako huenda ni nzima. Umeme wa Marekani ni wa Hz 60, na mota ya nguzo mbili kule inazunguka kama mara 3,450 kwa dakika. Wetu ni wa Hz 50, mota ya aina hiyohiyo inazunguka kama 2,850. Hewa inayosukumwa inapungua kwa uwiano huo, yaani unabaki na asilimia 83, lakini nguvu ya kuvuta inapungua kwa kipeo cha pili na unabaki na asilimia 68. Halafu uko kwenye mita kama 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na uvutaji unapungua kwa kiasi hicho tena. Mwishoni umebakiwa na asilimia 58 ya kile mchoro ulichoahidi, hata kabla hatujagusa bomba.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni pangaboi la inchi 16 hadi 17 lililofungwa moja kwa moja kwenye mota ya hp 3, na ganda la blowa lipanuliwe kulifuata. Ya pili ni kubaki na pangaboi lako ila uliendeshe kwa mkanda, puli ya mm 120 kwenye mota na ya mm 100 kwenye feni, ambayo inarudisha mizunguko karibu na 3,450. Njia hii mafundi wa vinu wanaifahamu vizuri, lakini inataka ekseli yenye bearingi mbili imara na pangaboi lililosawazishwa. Mizunguko 3,450 isipitwe. Hata hapo hp 2 ni ndogo, tafuta hp 3.

Bomba nalo lina lake. Maranda yanataka hewa iende kama mita 20 kwa sekunde ili yasitue njiani. Kwa mwendo huo bomba la mm 100 linapitisha mita za ujazo 565 kwa saa, la mm 150 linapitisha 1,270. Huwezi kulazimisha hewa ya mashine kubwa ipite kwenye inchi 4, feni hata iwe ya aina gani. Bomba kuu liwe la inchi 6, PVC ya maji taka inafaa kabisa. Ila jihadhari na mtego huu: ukiwa na bomba kuu la inchi 6 na geti (kilango cha kufungia bomba) moja tu la inchi 4 limefunguliwa, hewa iliyokuwa mita 20 kwa sekunde kwenye inchi 4 inakuwa kama mita 9 kwenye inchi 6, na maranda yanalala ndani ya bomba kuu. Ama upeleke inchi 6 hadi kwenye mashine na kuigawa pale kuwa inchi 4 mbili, moja chini ya meza na moja juu ya msumeno, ama ufungue mageti mawili kwa pamoja.

Elbo ya nyuzi 90 iache, tumia mbili za nyuzi 45 zenye kipande cha bomba katikati. Tii iache pia, tumia Y inayoelekea upande wa feni. Mpira wa mikunjo uwe mfupi kadiri inavyowezekana, maana unabana hewa mara mbili hadi tatu kuliko PVC laini ya urefu uleule.

Na umeme: mota ya hp 3 ya fezi moja inakula karibu ampia 14, na wakati wa kuwaka inaruka mara kadhaa ya hapo. Soketi ya ampia 13 si mahali pake. Fundi umeme akuvutie laini ya peke yake ya waya wa mm² 4 yenye sakiti breka ya ampia 20 aina ya C. Uiwashe mageti yakiwa yamefungwa. Watu wengi hudhani feni iliyozibwa inaelemewa, kumbe ni kinyume: feni ya aina hii inakula umeme kidogo hewa ikizuiwa, na mwingi zaidi ikiwa wazi. Ukiijaribu blowa mezani bila bomba wala saikloni, ndipo unapoiunguza mota. Kwa LUKU, hesabu uniti 2 hadi 3 kwa kila saa ya kazi.

Mafinga. Napasua paina inayotoka moja kwa moja kiwandani, bado mbichi. Koni inaziba kila baada ya muda, hasa asubuhi. Nimeigonga kwa nyundo mpaka imebonyea.

Weka nyundo chini kwanza. Bonyeo linaloingia ndani linavunja mzunguko wa hewa na kuwa rafu ya maranda kukaa, kwa hiyo kila pigo limekuletea kizuizi kipya. Livute litoke au ubadilishe koni.

Paina mbichi ina maji na utomvu. Vumbi lake linashikana na kujenga daraja juu ya mdomo wa koni; daraja likishajengeka, yote yanayofuata yanapanda kwenye feni. Asubuhi ni mbaya zaidi kwa sababu bati limepoa usiku kucha na ndani kuna umande. Iendeshe tupu dakika tano, geti moja likiwa wazi, bati likauke kabla hujaanza kupasua. Mdomo wa koni wa chini ya mm 150 upanue. Utomvu uliokwisha kuganda unatoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, feni ikiwa imezimwa na mlango wazi, na usiwashe chochote hadi harufu iishe.

Angalia pia pipa lenyewe. Mara nyingi kinachoitwa kuziba kwa koni ni pipa lililojaa. Randa inajaza pipa la lita 200 haraka kuliko mtu anavyodhani, kwa kuwa maranda ni mepesi na yana nafasi nyingi. Toboa dirisha dogo ubavuni mwa pipa, liwekee plastiki angavu na silikoni, na umwage likifika robo tatu. Maranda mabichi yasilale pipani siku nyingi: yanachacha, yanapata joto na kuota ukungu, na vumbi la ukungu halifai kifuani.

Sina nafasi wala fedha ya blowa. Nina vakyumu ya nyumbani ya wati 1,400 na kisaikloni cha plastiki nilichofunga juu ya ndoo ya lita 20. Juzi ndoo imejikunja yenyewe kwa kishindo. Tena mpira unanipiga shoti. (Mama mchonga vinyago, Njombe)

Mama, ndoo imekunjwa na hewa ya nje. Vakyumu ya namna hiyo, mpira ukiziba, inaweza kuvuta hadi kilopaskali 20 hivi. Kwenye kifuniko cha kipenyo cha sentimita 30, hiyo ni sawa na kukiwekea uzito wa kilo zaidi ya 140. Chukua ndoo mbili, uitumbukize moja ndani ya nyingine, na ndani ya ile ya juu ubane pete ya pliwudi ya mm 12 katikati ya kimo. Halafu toboa tundu la mm 25 kwenye kifuniko, ulifunike kwa kipande cha raba kinachobanwa na springi laini kutoka ndani, ili uvutaji ukizidi kifunguke chenyewe. Springi ikiwa sahihi, tundu linabaki kimya wakati wote wa kazi na linapiga mluzi mpira unapoziba.

Shoti inatokana na vumbi kavu kusugua plastiki, na majira ya kiangazi inazidi. Pitisha waya wa shaba usio na ganda ndani ya mpira, kutoka upande wa mashine hadi upande wa vakyumu, na uufunge kwenye ethi. Haina umeme wa kuua, lakini mtu akishtuka na patasi mkononi anaweza kujikata.

Kwa sanda na kazi ya kuchonga mpango huu unafaa kabisa. Kwa randa hautoshi, hewa ni kidogo mno.

Feni itoe hewa nje au irudishe ndani kupitia mfuko? Niko Tukuyu, mvua haziishi, na jirani yuko mita sita.

Nje, kama jirani anavumilia. Saikloni nzuri inashika maranda na vumbi zito, lakini lile jembamba kabisa, lisiloonekana ila kwenye mwanga wa dirishani, sehemu yake inapita. Na hilo ndilo linaloshuka hadi mapafuni. Mwaka 1995 IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, uliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya puani. Mfuko wa kitambaa cha kaniki au marekani unazuia maranda na kulipepeta lile jembamba chumbani. Ni afadhali usiwepo.

Bomba la kutokea liangalie chini au liwe na kofia pana, lisibane hewa. Wavu wa mbu usiwekwe, unaziba kwa siku moja. Hewa inayotoka lazima ifidiwe: acha dirisha wazi upande wa pili. Hapa kuna jambo la kufa na kupona kwa watu wa baridi. Ukiwa na jiko la mkaa ndani au kwenye chumba cha pili ili kuota moto, feni inauvuta moshi wake na ile hewa ya sumu isiyo na harufu kuja kwako. Jiko la mkaa na feni ya kutoa hewa visikae nyumba moja, tena cheche moja tu ikivutwa inatosha kuwasha pipa usiku ukiwa umelala. Kwa sababu hiyohiyo usiunganishe mashine ya kunolea kwenye mfumo wa mbao.

Ikibidi kurudisha ndani, tumia chujio za hewa za lori kubwa, za karatasi iliyokunjwa, mbili au tatu sambamba. Moja peke yake inabana. Zisafishe kwa upepo hafifu unaopita kinyume na njia ya hewa ya feni, ukiwa uani na barakoa ya N95. Barakoa ivaliwe na wakati wa kumwaga pipa pia. Hapo ndipo watu wanalila vumbi lote walilojikinga nalo wiki nzima.

Nitajuaje kama mfumo unavuja au chujio limechoka, bila vyombo vya gharama? (Mbalizi)

Mpira wa levo wa mafundi ujenzi unatosha. Ukunje kama herufi U ubaoni, tia maji hadi nusu, ncha moja iingize kwenye tundu dogo la bomba karibu na saikloni, nyingine iache wazi. Washa feni, funga mageti yote, pima tofauti ya maji kwa rula. Kila sentimita moja ni karibu paskali 100. Iandike namba hiyo ukutani siku mfumo ukiwa mpya, pamoja na ile unayopata geti moja likiwa wazi. Baada ya miezi, mageti yakiwa yamefungwa na namba imeshuka, kuna uvujaji kati ya geti na feni. Ikiwa ya mageti yaliyofungwa haijabadilika lakini ya geti wazi imeshuka, chujio limejaa au bomba la kutokea limezibwa.

Kutafuta panapovuja, safisha pipa kwanza na ufagie vumbi la sakafuni, kisha pitisha moshi wa udi kwenye kila maungio feni ikivuta. Moshi unapoingia, paka silikoni. Anza na kifuniko cha pipa.

Maranda ya pipani naweza kuwatandikia kuku? (Makambako)

Ya paina na mlingoti (mkaratusi) mkavu, ndiyo, ukishayapepeta vumbi lake. Ya MDF (ubao wa unga wa mbao) na pliwudi, hapana, yana gundi. Ya mbao iliyotiwa dawa ya kijani usithubutu, wala usiyachome jikoni: dawa hiyo mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na ukiichoma aseniki inatoka na moshi, kilichobaki kinakaa kwenye majivu. Kama unapasua za aina zote, weka mapipa mawili na ubadilishe kabla ya kubadilisha mbao, maana yakishachanganyika huwezi kuyatenganisha tena.